Mlenda wa Nyuzi Arobaini

"Toa kichwa chako humo, Damari, kabla sijalivuta hilo blanketi mwenyewe."

"Livute. Wewe si ndiye mwenye kiwanda."

"Sina kiwanda, nina pua. Umewasha mkaa kwenye jengo lenye unga unaoweza kulipuka, halafu unanijibu toka chini ya blanketi kama kuku anayelalia mayai?"

"Kuku analalia mayai. Mimi nalalia mapafu yangu. Niache kidogo, wifi."

Nyemo hakumwacha. Alilishika blanketi kwa mikono miwili akalivuta, na mvuke ukapanda hadi kwenye dari ya chumba cha kubadilishia nguo, ukinuka mchaichai na mwarobaini. Sakafuni kulikuwa na jiko dogo, juu yake sufuria, na juu ya sufuria uso wa mke wa kaka yake, umelowa jasho na umekasirika. Darini taa ya king'ora cha moto ilishaanza kuwaka njano. Nyemo akapanda juu ya benchi, akaipepea kwa blanketi lile lile mpaka ikazimika.

"Ingelia hiyo," alisema, "mabomba yote ya zimamoto yangefungukia huku. Na kama mtu amesahau kufunga koki ya mnara wa kuhifadhia unga, maji yangeingia mpaka ndani. Mgao wa mashamba ya bonde zima. Kwa ajili ya nyungu yako."

"Basi nifukuze."

"Nitakufukuza. Nani mwingine anafanya huu upuuzi?"

Damari akacheka. "Uliza nani hafanyi. Wafungashaji wote. Mbeleje ndiye aliyetufundisha."

"Mbeleje tumemzika Jumapili."

"Basi heshimu marehemu, unirudishie blanketi langu."

Nyemo alishuka kwenye benchi akiwa na jibu kali mdomoni, kisha akalisahau. Asubuhi ile walikutana getini, na Damari alishindwa kumaliza salamu. Alisema "Shikamoo" kwa mlinzi, akashika nguzo, akapumua kama mtu aliyepanda mlima, ndipo akamgeukia wifi yake. Sasa alikuwa anabishana kama muuza nyanya.

"Mbona una pumzi?" Nyemo akauliza.

"Si ndiyo nakwambia? Nikijifukiza, kifua kinafunguka. Nafanya kazi mpaka mchana. Nikikaa kwenye ile baridi ya ndani, kinajifunga tena. Narudi hapa, nafunguka. Hata Sista wa zahanati anajua. Yeye ndiye anatuletea mchaichai."

Alitaka kuongeza jambo, lakini kikohozi kikamkatiza. Kilikuwa kikohozi kizito, cha majimaji. Akainama, akatemea pembeni, na kilichotoka kikaangukia kwenye kifuniko cha sufuria kilichokuwa sakafuni. Kilikuwa bonge dogo, ukubwa wa harage, la kuona ndani, likitikisika kama mayai ya chura. Kifuniko kilikuwa bado cha moto. Bonge likabadilika rangi likawa kama maziwa, likaachia maji, likasinyaa mpaka likabaki punje.

Nyemo alichuchumaa. Alikuwa mkuu wa maabara ya kiwanda. Kitu kile alikuwa akikitazama kikifanya hivyo kila siku ya kazi, ndani ya vyombo vya kioo.

"Nini?" Damari akauliza. "Wifi, nini? Usinitazame hivyo."

"Nipe hicho kifuniko."

"Cha sufuria yangu?"

"Nipe, Damari."

*

Maabara ilikuwa ng'ambo ya uwanja. Bendera nyekundu ilikuwa imepandishwa tangu asubuhi, maana yake mtu yeyote asifanye kazi juani, shule zifungwe, mifugo ibaki kivulini. Bendera ile siku hizi ilishuka kwa nadra. Nyemo alivuka akikimbia, kifuniko kikiwa ndani ya khanga, lami ikinata kwenye soli za viatu vyake.

Ile punje aliitia kwenye glasi yenye maji ya nyuzi thelathini na saba. Hilo ndilo joto la mwili wa mtu mzima asiyeumwa. Akasubiri.

Kazi ya mlenda, ule unga wa kiwandani, haikuwa ngumu kuieleza, na Nyemo alishawaeleza wakulima mara nyingi akiwa amesimama juu ya tela. Jina lake la kiwandani lilikuwa refu. Wafanyakazi waliuita mlenda kwa sababu ukilowa huvutika kama mboga ile. Ni polima, mnyororo mrefu sana wa vipande vidogo vinavyofanana, uliopikwa kwenye matangi, ukakaushwa na kusagwa. Kila mnyororo una tabia ya kubadilika kwa joto. Udongo ukiwa baridi, mlenda unapenda maji, unayanywa na kuvimba. Udongo ukipata moto kupita kiwango cha mlenda, mlenda unayachukia, unajikunja na kuyatema. Mvua za siku hizi hunyesha kwa fujo, siku chache, kisha hakuna tena. Mlenda huikamata ile mvua, huiweka chini, na jua linapotaka kuua mhindi, humpa mhindi maji.

Mlenda wa kwanza ulikuwa na kiwango cha nyuzi thelathini na mbili. Ulijaribiwa kwa kila kitu, pamoja na mapafu. Wataalamu walisema mfungashaji akivuta unga, hapana neno: mwili una moto kuliko thelathini na mbili, kwa hiyo unga utabaki umesinyaa, atakohoa, utatoka. Na kweli ulitoka.

Kisha udongo ukazidi kuwa wa moto. Mlenda ulitema maji yote siku ya kwanza ya jua na haukunywa tena, maana hata usiku ardhi haikupoa. Mahindi yalikauka yakiwa urefu wa goti. Nyemo ndiye aliyekaa maabara mpaka akapata namna ya kukipandisha kiwango kikafika arobaini. Alibadilisha kiungo kimoja kwenye upishi. Wazee wa Chipanga, kijijini kwao, walimpa mbuzi.

Jaribio la mapafu halikurudiwa. Kilichobadilishwa kiliitwa joto la udongo, na hakuna aliyewaza kwamba udongo unahusiana na kifua cha mtu.

Ndani ya glasi, punje ilikuwa imekunywa. Ilijaa taratibu, ikawa wazi, ikawa bonge. Akapandisha joto. Thelathini na nane, bado. Thelathini na tisa, bado. Ilipopita arobaini, bonge likawa jeupe na kusinyaa ghafla. Akapoza. Likavimba tena.

Hilo peke yake lingetosha, lakini Nyemo hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu. Alichukua mrija mwembamba wa kioo, mwembamba kama ujiti wa ufagio, uliozidi kuwa mwembamba kuelekea mwisho. Akaipitisha punje iliyosinyaa pamoja na maji ya moto. Ilitelemka vizuri, ikaenda mbali kabisa, mahali ambapo bonge lisingefika. Kisha akamimina maji ya nyuzi thelathini na saba.

Yakapita kidogo. Yakapungua. Yakakoma.

Akautikisa mrija. Halikutoka hata tone.

Mbeleje ndiye aliyejifukiza kuliko wote. Kila nyungu ilimpa nafuu, na kila nyungu ilikisukuma kile kitu chini zaidi, kwenye njia nyembamba, huko ambako kikohozi hakifiki. Jumamosi alikufa akiwa amekaa wima, wenzake wamemshika, sufuria ikiwa mapajani.

*

Mkurugenzi Lwidiko Sanga hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomkera Nyemo alipokuwa akipanda ngazi. Mtu mbaya unamtukana, mambo yanaisha.

Lwidiko alimsikiliza, akautazama mrija. Akauweka mezani polepole, kana kwamba unaweza kusikia.

"Barakoa," alisema.

"Unga unakunywa mvuke wa pumzi, Mkurugenzi. Barakoa inaziba kabla mtu hajajaza mfuko wa pili. Wanazivua ili wapumue."

"Tutengeneze punje kubwa badala ya unga."

"Inawezekana. Mashine ya kusagia ibadilishwe yote. Msimu ujao."

"Mvua haisubiri msimu ujao. Tuupeleke ukiwa umeshalowa."

"Lori moja la unga linatosha kijiji. Lori moja la uliolowa halitoshi shamba la mtu mmoja."

"Turudi kwenye thelathini na mbili."

"Kwa mapafu ni salama. Kwa shamba, sawa na kumwaga mchanga. Uliuona."

Aliuona. Wote waliuona. Lwidiko alisimama dirishani, akawa anatazama mnara wa chuma uliosimama katikati ya kiwanda, mrefu kuliko jengo lolote la wilaya ile. Unga wote uliobaki wa msimu ulikuwa mle ndani, ukisubiri kutiwa mifukoni.

"Wafungashaji hawafiki hata hamsini," alisema bila kugeuka. "Sisemi kwamba ni wachache. Nasema hesabu unaijua."

"Naijua."

"Wanaoumwa nitawapeleka hospitali ya mkoa kwa gari langu mwenyewe. Wengine tutawapa zamu fupi. Kuna wanawake wanashinda getini wakiomba kazi. Kila mmoja akae muda mdogo tu mle ndani."

"Unga hautoki kifuani. Ukiwapa zamu fupi hujapunguza ugonjwa, umeugawa kwa watu wengi zaidi."

Akamgeukia Nyemo. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama Yona, mama yako mzazi yuko Chipanga, si ndiyo? Mgao wa Chipanga bado uko mnarani."

"Unanitisha?"

"Nakuuliza. Mimi wa kwangu wako Mpunguzi, nao mgao wao uko mnarani. Nipe mpaka mvua. Mvua ikishuka, nafunga kiwanda kwa mkono wangu, nakwenda polisi kwa miguu yangu. Naapa."

Alimaanisha. Nyemo aliliona hilo usoni mwake, na alitamani asingeliona.

"Na wafungashaji, utawaambia?"

"Waambie wewe. Wanakuamini. Utaona wataingia vile vile."

*

Chumba cha kufungashia kilikuwa na baridi ya kupendeza. Unga haukutakiwa kupata joto wala unyevu, kwa hiyo mashine za ubaridi zilinguruma mchana kutwa, na wanawake walivaa masweta wakati nje lami inayeyuka. Vumbi jeupe lilitulia kila mahali, kwenye nyusi, kwenye mabega, juu ya mashine za kushonea mifuko.

Nyemo alizima mkanda wa kusafirishia mifuko. Akawaambia yote kwa maneno mafupi. Alionyesha mrija. Akasema nyungu ziishe leo.

Hakuna aliyelia. Mwanamke mmoja aliendelea kukunja mdomo wa mfuko kana kwamba mkanda bado unatembea. Damari ndiye aliyejibu. Nafuu ya nyungu ilikuwa imeanza kumwishia, akawa anakata maneno vipande vipande.

"Wifi. Tulijua."

"Mlijua nini?"

"Mtu anatema mlenda, hajui kama ni mlenda? Sisi tumepika mlenda tangu tuzaliwe." Wenzake wawili wakacheka kidogo, kicheko kilichoishia kwenye kikohozi. "Hatukujua hayo ya nyungu. Asante. Tutaacha. Sasa washa mkanda."

"Nimekwambia utakufa, unaniambia washa mkanda?"

"Mwaka ule wa ukame wewe ulikuwepo kwetu. Ulimbeba Lea tulipompeleka kuzikwa. Alikuwa na uzito gani?"

Nyemo alikumbuka. Mtoto wa Damari alikuwa na miaka saba, na alikuwa mwepesi kuliko ndoo ya maji. Alimbeba kwa mkono mmoja na mwavuli kwa mkono mwingine.

"Nina watatu wamebaki," Damari akasema. "Wako Chipanga, wanaishi kwa mama yako. Huu mlenda ni wao. Mapafu ni yangu. Sijakuomba uyatetee."

Wanawake wengine waliitikia kwa vichwa. Hapakuwa na ujinga katika nyuso zao. Walikuwa wamepiga hesabu ile ile ya Mkurugenzi, tena kabla yake, na walijiweka upande wa kulipa. Mkono wa Nyemo ulikwenda kwenye kitufe cha mkanda.

Ndipo mtu akapiga chafya chini ya meza.

Ilikuwa chafya ndogo. Nyemo akainama. Chini ya meza ya kushonea, juu ya maboksi yaliyokunjuliwa, walikuwa wamelazwa watoto wachanga, wamefunikwa khanga, wengine wamelala, mmoja ananyonya kidole. Watano au sita. Vumbi lilikuwa limewatulia kwenye kope kama unga wa mahindi.

"Hawa wameingiaje humu?"

"Bendera nyekundu, Mama Yona," alijibu binti mmoja aliyeitwa Yunisi, kwa haraka, kama anayejitetea. "Nyumba zetu ni bati tupu. Wiki iliyopita mtoto wa jirani aliivia ndani. Msimamizi alituruhusu. Tulimshukuru sana. Hapa ndipo mahali pekee penye baridi."

Ilikuwa kweli. Pale kiwandani, pengine kata nzima, hapakuwa na chumba kingine chenye baridi ambacho mtu maskini angeruhusiwa kumlaza mtoto. Nyemo mwenyewe alishawahi kusikia kwamba msimamizi amewaruhusu, akawaza kuwa ni mtu mwenye huruma.

Alimtoa aliyepiga chafya. Alikuwa mtoto wa Yunisi, wa miezi michache. Kifua chake kilikuwa kinaingia ndani chini ya mbavu kila alipovuta hewa. Puani alikuwa na povu dogo, la kuona ndani. Nyemo alilifuta kwa kidole. Halikupasuka. Lilibaki kwenye ncha ya kidole, linatikisika.

"Na huyu naye amekubali?" akauliza.

Yunisi akamnyang'anya mtoto, akamkumbatia.

"Tutawatoa," Damari akasema upesi. "Sasa hivi. Kesho hatuwaleti."

"Kesho bendera nyekundu. Keshokutwa pia. Mtawaacha ndani ya bati waive, au mtawaleta?"

Yunisi akazidi kumkumbatia mtoto.

"Na kule nyumbani, Damari, mfuko ukifika shambani, anayeufungua ni nani?"

Damari aliangalia pembeni.

"Nakuuliza. Wewe umekulia kule."

"Watoto," Damari akasema. "Wanagombania mifuko. Wanaikung'uta, wanaivaa. Koti la mvua."

"Wanaikung'uta," Nyemo akarudia.

Aliutazama mkanda, na mdomo wa bomba kubwa lililoteremsha unga kutoka mnarani. Wanawake hawa wangeingia tena kesho, hata akiwafungia mlango. Wangeufungua wao wenyewe. Au Mkurugenzi angeufungua, kwa nia njema kabisa, na kuwaita wale wa getini. Maadamu unga upo mle juu, mtu angeutoa tu, na kila mmoja angekuwa na sababu ambayo Nyemo asingeweza kuijibu.

"Mifuko iliyokwisha kushonwa ni ya nani?" alimuuliza Yunisi.

"Ya kaskazini. Iko uwanjani tayari."

"Ipakiwe iende. Kila dereva aambiwe, naye awaambie wakulima: mfuko usifunguliwe. Unatumbukizwa mzima kwenye shimo la maji, unapasuka wenyewe. Umesikia? Rudia."

Yunisi akarudia.

"Vizuri. Beba mtoto wako, utoke. Nyote, bebeni watoto mtoke."

Akavunja kioo cha king'ora kwa kiwiko.

*

Ngazi ya mnara ilianzia nyuma ya jengo, kwenye kivuli. Bomba la zimamoto lilipanda pembeni ya chuma mpaka juu kabisa, na chini, usawa wa kifua, lilikuwa na gurudumu jekundu la kufungulia, ndiyo koki ya mnara. Maji yake yalitoka kisima cha chumvi. Maji matamu yalikuwa ya watu, hayakupotezwa kwa moto. Nyemo alilijua hilo. Mlenda ukinywa maji ya kisima kile hufungana, unakuwa kama mpira wa gurudumu, na hakuna joto duniani litakaloufanya utoe tone. Ukishalowa, umekwisha. Hautachotwa kwa ndoo wala koleo.

Alilikuta gurudumu limekaza. Akavua khanga kiunoni, akaizungushia mkononi.

"Wifi!"

Damari alikuwa amemfuata. Hakuweza kukimbia, alikuja akiegemea ukuta, hatua chache, anasimama, hatua chache. Alipofika aliliwekea gurudumu mikono yote miwili. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. King'ora kilikuwa kinalia, na uwanjani wanawake walisikika wakiitana majina.

"Nusu," alisema hatimaye. "Acha nusu."

"Nusu itafungashwa na nani?"

"Na mimi. Peke yangu. Mlango... nitafunga. Sitaingiza mtoto. Sitaingiza mtu. Mgao wa Chipanga tu, wifi. Mimi nimeshakwisha, unaniona. Nitumie."

Nyemo alimwona. Hilo lilikuwa jambo la pekee ambalo hakuwa amelifikiria, kwamba mtu angejitolea hivyo, kwa akili timamu, na kwamba lingekuwa na maana. Mwanamke mmoja ambaye mrija wake umeshaziba. Kijiji kimoja. Mama yake mwenyewe, Bi Malogo, akiwa na wajukuu watatu na jembe lake, akisubiri lori.

"Halafu mwenzako wa Mpunguzi atasema hivyo hivyo," alisema. "Naye ameshakwisha. Na wa Bahi. Mpaka mnara uishe. Na kule shambani, mwanao Lechipya ndiye atakayeukung'uta mfuko."

"Lechipya atakuwa hai wa kuukung'uta!"

Na hilo lilikuwa kweli, Nyemo alijua.

"Serikali italeta chakula," alisema, akajisikia aibu kabla hajamaliza.

Damari hakuhangaika hata kucheka. "Walileta mwaka wa Lea?"

"Hawakuleta."

"Basi usiniletee serikali." Alivuta hewa, ikaingia kidogo. "Sikiliza. Mwakani mtoto akinililia njaa... kama nipo... nitamwambia ukweli. Nitamwambia ni shangazi yako. Alikuwa na chakula chako mkononi, akakimwagia maji."

"Mwambie."

"Nitamwambia!"

"Mwambie na jina langu, asije akadhani ni shangazi mwingine. Na kama hupo, nitamwambia mwenyewe."

Akavishika vidole vya Damari, akaviondoa kwenye gurudumu, kimoja kimoja. Haikuwa kazi. Havikuwa na nguvu. Damari alitelemka taratibu na ukuta mpaka akakaa kwenye zege, miguu imenyooshwa mbele kama mtoto, akawa anatazama juu.

Nyemo alishika kwa mikono miwili akazungusha. Gurudumu likalia, likaachia. Bomba likatetemeka toka chini kwenda juu, na baada ya muda mfupi ikasikika sauti ndani ya chuma, kama mvua kubwa inayopiga juu ya paa la mbali.

Kisha sauti ile ikazama. Unga ulikuwa unakunywa. Chuma kilianza kuguna, kwanza juu, halafu katikati. Kwenye maungio ya bamba, vitu vyeupe vikaanza kuchomoza, vikatokeza nje kama ulimi, vikaganda.

Upande wa pili wa uwanja Mkurugenzi alikuwa anakuja mbio juani bila kofia, anapunga mikono, anasema maneno ambayo hayakusikika.

Nyuma ya Nyemo, Damari alikuwa anakohoa, kikohozi kirefu kisicholeta kitu. Nyemo hakugeuka. Aliendelea kuzungusha mpaka gurudumu likafika mwisho, na lilipofika mwisho akalikaza.